Mkono wa kushoto kwenye bakuli: kisa cha binti wa miaka tisa na bibi yake

Binti huyu aliletwa kwangu na bibi yake, Tanga mjini, akiwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu. Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja tu: udhaifu wa upande wa kulia tangu utotoni, apewe mazoezi. Nilipomuuliza bibi angependa tumsaidie nini, hakusita.

“Nataka mkono wake wa kulia ule.”

Kisa kizima kilikuwa ndani ya maneno hayo, na mimi ilinichukua karibu miezi miwili kukisikia. Nakiandika kwa ruhusa ya bibi, na nimebadilisha mambo kadhaa ya familia ili wasitambulike.

Kwa asiyejua, mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Wenzetu wa Kenya huiita tiba kazi. Tunashughulika na mambo ambayo mtu huyafanya kila siku bila kuyafikiria mpaka yamshinde: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupika, kurudi kazini. Watu wengi hudhani ni mazoezi ya viungo yenye jina jingine. Tunafanya kazi bega kwa bega na wenzetu wa viungo, lakini mimi mkono nautazama ukiwa umeshika kitu, mahali mtu anapokishikia, mbele ya watu anaokaa nao.

Alivyokuwa

Mama yake, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam na humpigia simu kila jioni, alianza kuona kitu binti akiwa na miezi mitano. Kila alichopewa alikidaka kwa kushoto, hata kikiwekwa upande wa kulia. Ndugu wakasema ni mashoto tu, kama babu yake. Mzazi unayesoma hapa, hili naomba ulishike: mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili. Akianza kuupendelea mmoja kabla hajatimiza mwaka, mpeleke akaangaliwe ule mwingine.

Alichelewa kutembea, kisha akatembea. Alipofika miaka mitatu ndipo familia ikaambiwa ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Jina hilo huwatisha watu wakadhani akili imeguswa. Huyu anasoma vizuri na hesabu anawafundisha wenzake. Aina hii ya mtindio mara nyingi hutokana na mshipa wa damu kuziba kwenye ubongo mtoto akiwa bado tumboni au karibu na kuzaliwa. Ubongo ukiumia upande wa kushoto, mwili hudhoofu na kukakamaa upande wa kulia. Hakuna alichokula mama, hakuna aliyemtupia kitu.

Nilimkuta kiwiko kimekunjika, kifundo cha mkono kimeinama, kidole gumba kimejificha ndani ya kiganja. Kuna kipimo kiitwacho MACS, chenye ngazi tano, kwa watoto wa miaka 4 hadi 18, kinachoangalia mtoto anavyotumia mikono kwenye vitu vya kawaida. Nilimweka ngazi ya tatu: anafanya mambo, ila kwa taabu, na mara nyingi lazima atayarishiwe kwanza.

Kisha nikamfumba macho kwa mtandio wake, nikamwekea funguo kwenye kiganja cha kulia. Akakaa kimya. Nikamwekea sarafu, halafu kokwa ya tende.

“Kuna kitu,” akasema. Zaidi ya hapo hakujua.

Jaribio hilo lingetosha kunizindua siku ile ile. Ukitaka kujua kwa nini, leo usiku kula wali kwa mkono polepole ujiangalie. Vidole vinne vinakusanya punje, vinazibana kwenye ukingo wa sahani mpaka zishikane, kiganja kinageuka kuelekea juu, mkono unapanda, na kidole gumba kinasukuma tonge kwa nyuma. Macho hayana kazi kubwa hapo. Ncha za vidole ndizo zinazojua kama tonge limeshikana, kama bado la moto, kama mna mwiba wa samaki. Mkono usiotofautisha funguo na kokwa ya tende hauwezi kufinyanga tonge, hata ukipewa nguvu za mvuvi.

Miaka yote tisa binti alikuwa akilishwa na bibi. Nyumbani alikaa pembeni ya sinia, matonge yakamfuata mdomoni. Shuleni hakuwa na wa kumlisha. Uji wa saa nne alikuwa akiukataa, akishinda na njaa mpaka saa nane mchana. Maji pia hakunywa, ili asihitaji choo. Kwenye kadi yake ya kliniki mlikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyekuwa ameyaunganisha na mkono.

Wiki sita nilizokosea

Nilifanya alichotaka bibi. Ilikuwa likizo, na nilikuwa na tiba mkononi ninayoiamini: kuuzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Ilitokana na kazi za Mmarekani Edward Taub, aliyeonyesha kwamba kiungo kilichoumia kinaweza kuzoea kutotumika, mwenyewe akakiacha hata pale ambapo kina uwezo wa kufanya kitu. Ukimfunga mtu mkono mzima kwa saa kadhaa kila siku, ule uliosahaulika huanza kuamka. Kwa watoto wenye mtindio wa upande mmoja tiba hii imethibitika kusaidia.

Kwa hiyo nikamshonea glavu nene isiyo na vidole, akavishwa mkono wa kushoto kwa muda wa saa mbili kila siku, nikampa vitu vya kushika kwa kulia: vizibo, mipira ya soksi, sifongo, na mwisho wali. Mkono uliamka kidogo, nisiseme uongo. Vidole vilianza kufunguka alipouelekeza kwenye kitu kikubwa. Lakini wali ulimwagika kila siku. Alikuwa akiangalia punje zikidondoka kwenye mkeka na bibi akiziokota moja moja bila kusema neno. Wiki ya sita aliivua glavu, akaificha chini ya godoro, akagoma kuja.

Kosa langu lilikuwa dogo na la msingi. Sikuwa nimemuuliza yeye. Nilimuuliza aliyemleta, nikaandika jibu lake kwenye faili kama lengo la mtoto.

Alichokitaka mwenyewe

Nikamfuata nyumbani, nikiwa na kipimo cha maswali ambacho ningekitoa tangu siku ya kwanza. Kilitungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1991. Mtu anataja mwenyewe shughuli zinazomsumbua, anasema kila moja ina uzito gani kwake, kisha anajipa alama kutoka 1 hadi 10: anaifanya vizuri kiasi gani, na ameridhika kiasi gani. Alama zikipanda kwa mbili au zaidi, tunahesabu kuwa kuna jambo la maana limebadilika.

Alitaja matatu, bila kufikiri sana. Kunywa uji shuleni na wenzake. Kwenda chooni shuleni peke yake. Kuvaa nguo za shule na ushungi bila bibi. Uji aliupa uzito wa 10, utendaji 2, kuridhika 1. Kula tonge kwa mkono wa kulia hakukutaja kabisa. Nilipomuuliza, alimtazama bibi kwanza, halafu akasema taratibu, “Hilo la bibi.”

Sasa, kikombe cha uji angeweza kukinyanyua kwa kushoto tangu akiwa na miaka miwili. Mkono wake wa kushoto hauna kasoro yoyote, ndio anaoandikia. Kilichomzuia kilikuwa adabu. Tangu anatambaa alijua mkono wa kushoto hauendi kinywani, na mbele ya darasa zima asingeupeleka.

Hapa wataalamu wengi hukosea kwa kejeli, nami sitaki kuwa mmoja wao. Ninapokaa mimi, kula kwa kulia ni malezi, ni usafi, na kwa Waislamu ni mafundisho ya Mtume. Kushoto ni kwa kutawadha chooni. Mgeni akila kwa kushoto watu wataangalia pembeni, mtoto wa nyumbani akifanya hivyo mzazi wake ndiye anayesemwa. Bibi hakuwa mkaidi. Alikuwa akilinda jina la mjukuu wake kwa njia aliyoijua, na kwa miaka tisa aliilipia kwa kula chakula chake kikiwa kimepoa.

Vipimo vyetu vya darasani haviwezi kuiona hali hii. Chukua Barthel, kipimo cha mwaka 1965 ambacho bado kinatumika duniani kote kupima mtu anavyojimudu. Kwenye kula, mfano wake wa mtu anayehitaji msaada ni wa kukatiwa chakula na kupakiwa siagi. Nimefanya kazi miaka mingi Tanga na sijawahi kuulizwa habari za siagi. Habari ya mkono upi uende kwenye sinia nimeulizwa na wagonjwa wasiohesabika. Kujitawadha kwa maji kwa mkono mmoja, ambako kopo linahitaji mkono na mwili nao unahitaji mkono, hakumo kabisa.

Hili si la watoto peke yao. Niliwahi kumhudumia mzee aliyepata kiharusi, naye upande wa kulia. Wanawe walinidai mazoezi ya nguvu. Yeye alikuwa ameacha kupokea wageni wakati wa chakula kwa miezi kadhaa, na alichoniomba, wanawe walipotoka, ni jinsi ya kuchukua udhu kwa mkono mmoja ili asiwe anasubiri mtu kila adhana. Tulianza na udhu. Kula mbele ya wageni alikurudia mwenyewe baadaye, kwa kijiko.

Mkekani

Nilimwomba bibi twende kwa maalimu wa madrasa ya mtaani, anayemwamini. Sikutaka fatwa itoke kwangu. Maalimu alimsikiliza bibi mpaka mwisho, akamwambia kwamba amri ni kwa anayeweza, na mwenye udhuru hana dhambi wala karaha akila kwa kushoto. Akamsomea aya ya 61 ya Surat An-Nur, ile inayoanza kwa kuwaondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha ikaendelea moja kwa moja kuzungumzia watu kula pamoja majumbani. Bibi aliijua aya hiyo kwa miaka. Alisema hakuwahi kuisikia ikisomwa kwa ajili ya mjukuu wake.

Bado hakuridhika. Njiani akanishika mkono.

“Mwanangu, dhambi imeondoka. Uchafu je? Mkono ni ule ule mmoja.”

Alikuwa na haki, na swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko langu lote la wiki sita. Mtoto mwenye mkono mmoja unaofanya kazi anautumia chooni na anautumia mezani. Tena ana tatizo jingine: mkono mmoja hujioshaje? Jaribu uone, huwezi kuusugua mkono kwa mkono huo huo.

Tukatengeneza kibuyu chirizi uani, dumu linaloinama kwa kukanyaga kijiti chini. Soksi kuukuu yenye kipande cha sabuni ikaning'inizwa kando yake. Kwenye kibao tukapigilia brashi ya kufulia, nyuzi zikiwa juu. Binti anakanyaga, analowesha, anabana soksi, kisha anausugua mkono kwenye brashi: kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kucha. Bibi aliukagua mkono ule kwa macho na kwa pua, akasema sasa tuendelee.

Siku ya kwanza ya kijiko tulikaa mkekani, binti mbele yetu na bakuli la wali na mchuzi. Bakuli lilimkimbia kila alipolichota. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikakitandika chini yake, likatulia kiasi. Ndipo bibi akausogelea mkono wa kulia wa mjukuu wake. Kwanza aliinamisha kifundo cha mkono, vidole vikalegea vyenyewe, kisha akavifungua kimoja kimoja na kuvipanga juu ya ukingo wa bakuli. Ujanja huo wa kifundo sisi tunafundishwa darasani. Yeye aliujua kwa kukiosha kiganja hicho kila siku kwa miaka tisa.

“Wa kulia ushike bakuli,” akasema, “wa kushoto ulete kijiko. Basi imekula yote miwili.”

Sikuwa na la kuongeza. Mkono dhaifu ulipewa kazi unayoiweza, ya kushikilia, na huo ndio msingi wa mazoezi ya mikono miwili kwa watoto kama huyu. Heshima ya nyumba nayo ikabaki mahali pake, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa kwenye chakula, kila mtu anauona.

Saa zinatoka wapi

Kliniki yangu inampa mtoto nusu saa kwa wiki. Tafiti za mikono ya watoto wenye mtindio zinaonyesha kwamba lengo moja mahususi huhitaji takriban saa 14 hadi 25 za kulifanya lenyewe. Kwa mwendo wa kliniki, saa 20 ni wiki 40. Kwa mwendo wa mkekani, milo mitatu yenye dakika kumi kumi za mazoezi ya kweli, ni siku 40. Ndiyo maana siku hizi nafundisha zaidi aliye nyumbani kuliko mgonjwa. Mafunzo ya bibi yalikuwa magumu kuliko ya mjukuu: kukaa, kutazama, kuhesabu hadi ishirini kabla ya kunyoosha mkono kusaidia. Aliniambia kuhesabu huko kulimuuma kifuani.

Nguo tulizianzia mwisho. Bibi alimvisha shati lote, akamwachia kifungo cha mwisho tu, ili anayemaliza kuvaa awe binti. Wiki iliyofuata vifungo viwili, kisha vitatu, mpaka akafika kwenye kuingiza mikono, ambako mkono dhaifu hutangulia kuingia na huwa wa mwisho kutoka. Kifungo kilichotushinda ni cha mkono wa shati wa kushoto, kwa kuwa wa kukifunga ni mkono wa kulia. Fundi cherehani wa mtaani akakishona upya kwa uzi wa mpira, kinabaki kimefungwa na kiganja kinapita. Ushungi wa kufunga kwa pini ukaachwa, akanunuliwa ulioshonwa tayari.

Choo cha shule kilichukua muda kuliko yote, kwa sababu hakikuwa changu wala cha bibi. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyetuokoa. Alikubali dumu la lita tano lenye koki liwekwe kwenye rafu ndogo ndani ya choo kimoja, kwa urefu unaomfaa akiwa amechuchumaa. Anafungua koki, maji yanatiririka, mkono unabaki huru. Mwalimu aliwaambia wanafunzi dumu ni la wote. Sasa ndicho choo chenye foleni.

Hali ilivyo

Wiki ya kumi na nne tukarudia alama. Uji ulipanda kutoka 2 hadi 8, choo kutoka 1 hadi 7, kuvaa kutoka 2 hadi 6. Kliniki hajarudi na ugonjwa wa mkojo tangu hapo. Ukiweka funguo kwenye kiganja cha kulia bado atakwambia kuna kitu. Kifundo kinakaza akikua, na itabidi tukiangalie kwa makini miaka ijayo anaporefuka, kwa kuwa mifupa hukua haraka kuliko misuli iliyokakamaa. Kwenye sinia la harusi bado haketi. Hula kwenye bakuli lake, pembeni, kwa kijiko. Bibi anasema atalizoea. Mimi nimemwachia binti aamue.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilimuuliza kama kuna jipya la kuandika kwenye karatasi. Akasema kukuna nazi. Binamu zake wote wanakuna, yeye huambiwa asogee. Nikaogopa, maana meno ya mbuzi ni makali na mkono wake wa kulia hauwezi kumwambia umekatwa. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Nimejaribu nyumbani kwangu kwa mkono mmoja na nusu, kiganja cha pili kikiwa juu ya kifuu, ndani ya glavu ya ngozi ya fundi wa kuchomelea. Kinazunguka kwa shida, ila kinazunguka. Jumamosi nawapelekea glavu, niipunguze kwa kipimo cha mkono wake. Bibi ameshatuma ujumbe kwamba nazi mbili zimenunuliwa.